Batani za akedi kwa DJ wa Lamu: ufungue kontrola, ujenge kisanduku pembeni, au ununue kilicho tayari?

Pedi ya kwanza kufa kwenye kontrola yangu, kile kifaa cha kuendeshea programu ya DJ kwenye kompyuta, ilikuwa ile niliyoiwekea kigelegele. Haikufa ghafla. Ilianza kwa kukataa mara mojamoja, kisha ikawa yaitika mara mbili kwa pigo moja, mwisho ikataka niikandamize kwa kidole gumba kama ninayekanda unga wa mahamri. Bibi arusi akiingia ukumbini na kigelegele kikachelewa nusu sekunde, ni afadhali kisije kabisa.

Mimi hupiga muziki kwenye shughuli za wanawake hapa mjini Lamu, na jambo hilo lina uzito mkubwa katika ulinganisho huu. Usiku wa kina mama ukumbi huwa wa wanawake watupu. Mabuibui yamevuliwa, nywele zimetengenezwa, na mwanamume haingii, awe fundi wa umeme au kaka wa bibi arusi. Kifaa kikigoma saa nne za usiku, wa kukitengeneza ni mimi, kwa zana zilizomo mkobani mwangu. Kwa hivyo nilipoanza kufikiria kuachana na pedi za mpira na kuweka batani za akedi, zile batani nene za mviringo za mashine za michezo ya sarafu, kila njia niliipima kwa swali moja: ikiharibika katikati ya chakacha, nitafanyaje?

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kuifungua kontrola yenyewe na kuunga batani kwenye swichi zake. Ya pili ni kuiacha kontrola ilivyo, ukajenga kisanduku cha batani pembeni chenye USB yake. Ya tatu ni kununua kisanduku kilichokwisha kutengenezwa. Mbili za kwanza nimezifanya kwa mikono yangu, ya tatu nimeitumia kwa kuazima. Anayetaka jibu upesi, ni hili: jenga kisanduku chako, kontrola iache salama. Lakini wapo watu wawili ambao jibu hilo haliwafai, na nitawafikia.

Batani hizi zina nini ambacho pedi haina

Pedi ya kawaida ni mpira ulio na kidonge cheusi cha kaboni chini yake. Ukibonyeza, kaboni inaunganisha njia mbili za saketi. Mpira hulegea, kaboni hulika, na kwetu chumvi ya bahari huingia katikati na kukaa. Vile vitufe vidogo vya kucheza na kusimamisha wimbo mara nyingi ni swichi ndogo yenye kuba la bati ndani, inayozama kama robo milimita tu. Kidole hakisikii kitu, na ukiwa kwenye kelele za ukumbi hujui kama umebonyeza au hujabonyeza.

Batani ya akedi ina springi, ina mwendo wa milimita kadhaa, na imeundwa ipigwe na watoto wenye hasira ya kushindwa mchezo. Kidole kinajua kimefika wapi. Unaweza kupiga mfululizo wa haraka kama mpiga tari, na mkono usichoke. Wazo hili si geni duniani. Mwishoni mwa miaka ya 2000, Ean Golden na wenzake wa DJ TechTools huko Marekani walizipachika kwenye kontrola ya Vestax VCI-100, kisha wakatoa Midi Fighter, kisanduku chenye batani 16 zilizopangwa 4 kwa 4. Vestax yenyewe, kampuni ya Japani, ilifilisika mwaka 2014, lakini mtindo ule ulibaki.

Kuna kitu kimoja utakikosa, nacho ukijue kabla hujatoa pesa. Batani ya akedi ni swichi, yajua kuwaka na kuzima tu. Lugha ya MIDI, ambayo vifaa vya muziki vinazungumza tangu mwaka 1983, ina nafasi ya nguvu ya pigo kuanzia 0 hadi 127, lakini batani hii itatuma namba ileile kila mara. Anayepiga ngoma kwa vidole, pigo moja la chini, la pili la juu, abaki na pedi zinazopima nguvu. Huyo ndiye mtu wa kwanza niliyesema jibu langu halimfai. Mimi hurusha vipande nilivyorekodi: mlio wa pembe za vugo (ngoma ya wanawake ya harusini), pigo la tari, kigelegele, sauti ya bibi mmoja akisema "haya tena!" Hivyo nataka vitoke kwa sauti ileile kila mara, kwa hivyo sikupoteza kitu.

Kuifungua kontrola

Hii ndiyo niliyoianza, kwa sababu ilionekana rahisi. Skrubu zatoka, bodi yaonekana, unaunga waya mbili kwenye kila swichi, unazipeleka kwenye batani mpya. Swichi ya zamani inabaki pale pale, mpya imeungwa sambamba nayo, na yoyote kati ya hizo mbili ikibonyezwa, kontrola inaona pigo.

Faida yake ni kubwa, sitaki kuificha. Hakuna programu ya kuandika. Kompyuta inaiona kontrola ileile ya jana. Ukibadilisha pedi kutoka hoti kyu (alama ya kurukia mahali kwenye wimbo) kwenda lupu (kipande kinachojirudia) au sampuli (kipande kilichorekodiwa), batani mpya zinabadilika nazo, kwa kuwa ni mlango wa pili wa nyumba ileile. Taa za pedi zinaendelea kukuonyesha uko wapi. Kwenye njia ya pili mambo hayo yote utayajenga mwenyewe.

Sasa matatizo. La kwanza ni nafasi. Kontrola za siku hizi ni nyembamba, na batani ya akedi inataka kina chini yake. Usipime kwa macho, chukua rula. Mara nyingi utakuta haiingii, na itabidi waya zitoke nje kwa mkanda wa waya hadi kwenye kisanduku. Yaani utakuwa umejenga kisanduku vilevile, na kontrola umeipasua juu yake.

La pili ni jinsi swichi zinavyosomwa. Kwa kawaida mtengenezaji hatumii waya mmoja kwa kila kitufe. Hupanga vitufe kwa safu na nguzo kama bao, na chipu hupita ikiuliza safu moja baada ya nyingine. Kwa hivyo usidhani upande mmoja wa swichi zote ni ardhi moja, yaani njia ya umeme ya kurudi, unayoweza kuiunganisha kwa waya mmoja. Kila batani ipewe jozi yake, kutoka pande mbili za swichi yake. Swichi ndogo ya miguu minne ina miguu iliyounganishwa miwili miwili ndani, basi weka multimita (kipima umeme) kwenye mlio na utafute jozi inayolia pale tu unapobonyeza. Hiyo ndiyo yako.

Pedi za mpira ni ngumu zaidi. Pale kaboni inapogusa, njia za saketi mara nyingi zimepakwa kitu cheusi kisichoshika lehemu. Ukilazimisha moto, unachubua njia yenyewe. Inabidi uifuate hadi kwenye kitundu kinachopita upande wa pili wa bodi, au kwenye mguu wa dayodi (kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyo karibu, ndipo ulehemu hapo kwa waya mwembamba, kisha uushike kwa gundi ya moto ili usivutwe.

Mimi sikuifuata. Nililazimisha. Joto lilizidi, kipande cha njia kikanyanyuka na kushikamana na ncha ya chuma cha kulehemu, na pedi nne za upande mmoja zikafa kwa pamoja, maana zote zilikuwa kwenye safu ile. Ilikuwa Jumanne, na Alhamisi nilikuwa na shughuli. Niliunga daraja la waya lenye unene wa unywele, nikapata tatu kati ya nne. Usiku ule nilipiga kwa pedi saba na moyo uko juu. Waranti nayo ilikwenda pale skrubu ya kwanza ilipotoka.

Mtu wa pili ambaye jibu langu halimfai ni huyu: mwenye kontrola ambayo pedi zake zimekwisha kufa, jogi (magurudumu ya kuzungushia wimbo) na feda (vitelezi vya sauti) zake bado nzima, na waranti ilishapita zamani. Huyo hana la kupoteza, afungue. Hasa kama anatumia programu asiyotaka kuhangaika kuipanga upya.

Kisanduku cha pembeni

Hapa ndipo nilipokaa, na hapa ndipo nitakapokaa na wewe kwa muda mrefu.

Moyo wa kisanduku ni kijibodi chenye maikrokontrola (chipu unayoiandikia programu) inayoweza kujitambulisha kwa kompyuta kama kifaa cha MIDI kupitia USB. Neno "inayoweza" ndilo la kushika. Arduino Uno, ambayo ndiyo utakayoipata kwa urahisi madukani, kwa kawaida inaonekana na kompyuta kama mlango wa data tu. Kuifanya MIDI ni lazima ubadilishe programu ya chipu yake ya USB, na kwa anayeanza hiyo ni safari ya kupotea. Nunua bodi yenye chipu ya ATmega32U4, kama Arduino Leonardo au Pro Micro, au nunua Raspberry Pi Pico.

Nimejenga kwa zote mbili, na leo ningechukua Pico bila kusita. Ilipotoka Januari 2021 ilikuwa ikiuzwa dola 4. Ina pini 26 za kutumia, kwa hivyo batani 12 au hata 16 kila moja inapata pini yake. Hakuna safu na nguzo, hakuna dayodi, hakuna kubahatisha. Mguu mmoja wa batani unakwenda kwenye pini, mguu wa pili kwenye ardhi, na ardhi hiyo unaipitisha kutoka batani hadi batani kama uzi kwenye shanga. Resista, kile kijipande cha kukinza umeme, huhitaji, kwani ndani ya chipu imo ya kuvuta juu na unaiwasha kwa mstari mmoja wa programu. Pro Micro ina pini 18. Batani 12 zinatosha, 16 zinaingia kwa kubanana, na ukitaka kuongeza vifundo vya kuzungusha vya sauti utarudi kwenye mtindo wa bao na dayodi.

Programu yenyewe ni fupi. Kwa Pico unaweza kuandika kwa CircuitPython, ambapo faili unaliburuta na kuliweka kama unavyoweka wimbo kwenye flashi. Kwa 32U4 kuna maktaba ya MIDIUSB ya Arduino. Mambo mawili yasisahauliwe. Vyuma vya swichi vinapokutana hurukaruka kwa muda mfupi sana kabla ya kutulia, kwa hivyo iambie programu isikilize mguso wa kwanza kisha ipuuze milisekunde 5 zinazofuata, la sivyo kigelegele kimoja kitakuwa viwili. Pili, anza namba za noti kwenye 36, kama vifaa vingi vya ngoma vinavyofanya, ili programu nyingine zikuelewe bila ya tafsiri.

Watu huniuliza kuhusu kuchelewa: je, kupita kwenye kijibodi hakutachelewesha pigo? Hakutasikika. Kinachochelewesha ni bafa ya sauti kwenye kompyuta, yaani akiba ndogo ya sauti inayojazwa kabla ya kutolewa. Bafa ya sampuli 256 kwa kasi ya 44,100 ni karibu milisekunde 5.8, na ya 512 ni mara mbili ya hapo. Punguza hiyo kwanza kabla hujailaumu batani.

Kwenye programu ya DJ, Mixxx ni ya bure na inakubali kifaa chochote cha MIDI: unabonyeza batani, unachagua kazi yake, basi. Traktor nayo inakubali. Serato DJ Pro inakubali batani zako pale tu kifaa kinachotambuliwa na Serato kimechomekwa. Hiyo kwangu ni sababu nyingine ya kuiacha kontrola ikiwa nzima, maana ndiyo inayofungua mlango na kisanduku kinaingia nyuma yake.

Kuna bodi ya tatu inayoshawishi wengi kwa urahisi wake, ile ya kutengenezea vijiti vya michezo, inayokuja na waya zake zimekwisha kubanwa na nafasi ya batani 12 hivi. Huhitaji kuandika programu wala kulehemu. Lakini kompyuta inaiona kama kifaa cha michezo. Itabidi utafute programu ya kuigeuza iwe MIDI au kibodi, iwe wazi kila unapopiga, na siku ukiisahau kuiwasha umesimama mbele ya watu na batani bubu. Kwa mtoto wa kujifunzia nyumbani, sawa. Kwa harusi ya watu, hapana.

Jambo moja la kuangalia kwa jicho kali: soketi ya USB. Bodi nyingi ndogo zina soketi nyembamba iliyoshikwa na lehemu tu. Kijibodi changu cha kwanza kiling'oka soketi pale mtoto alipojikwaa kwenye waya, na bodi ikawa ya kutupa. Sasa naweka kipande kifupi cha waya wa USB ndani, kinachoishia kwenye soketi iliyofungwa kwa skrubu ukutani mwa kisanduku. Wa kuvutwa ni ukuta.

Batani ipi, na tundu lipi

Hapa watu huanza kwa rangi. Anza na biti ya seremala.

Batani za Kijapani, na Sanwa ndilo jina linalotajwa zaidi, huja kwa tundu la milimita 24 au 30. Za mtindo wa Kimarekani huingia kwenye tundu la inchi 1 na 1/8, ambayo ni kama milimita 28.6. Kabla sijaagiza chochote nilikwenda kwa seremala wetu wa Langoni, mzee anayechonga milango, nikamwonyesha kipimo.

"Mwanangu, matundu haya ni ya nini? Mbona makubwa kama ya kuwekea finjani?"

"Ni ya batani, ami. Ni ya muziki wa harusi."

Alinyamaza kidogo, akachukua bikari. "Ya harusi? Basi lazima yalingane."

Alikuwa na biti za inchi, za milimita 24 hakuwa nazo. Inchi moja ni milimita 25.4, na batani ya 24 inayojishika kwa masikio ya plastiki italegea humo na kuzunguka. Inchi 1 na 1/8 alikuwa nayo. Kwa hivyo kisanduku changu cha kwanza kilikuwa cha batani za Kimarekani kwa sababu ya biti tu, na sijutii nilichojifunza. Batani zile ni imara, zina nati ya kukaza kwa chini na zinapenda mbao nene. Lakini swichi yake inaning'inia chini sana, kisanduku kikawa kirefu kama kasha la mapambo, mwendo wa kidole ni mrefu, na kila pigo linalia "ta!" Muziki ukiwa juu hakuna anayesikia. Akisimama mama kutoa shukrani na maikrofoni ipo karibu yangu, wanasikia wote.

Sanwa ni kinyume chake. Ni fupi, nyepesi, na kimya zaidi. Wepesi wake ni raha na ni hatari, maana ukipumzisha kidole juu yake tu inaitika. Ilinichukua wiki nzima kufundisha mikono yangu kuelea. Mwenye mkono mzito ajaribu Seimitsu, Wajapani vilevile, springi yake ina ukaidi kidogo. Zile nakala za bei ya chini nimezitumia pia. Tatizo lake ni kutolingana: katika 12 utapata mbili ngumu na moja iliyolegea. Ukiagiza za aina hiyo, agiza 15.

Kati ya 24 na 30, nimechagua 24 kwa vidole. Weka milimita 30 kutoka kitovu cha tundu hadi kitovu cha jirani yake, kwa kuwa ukingo wa batani unazidi tundu. 30 naiweka moja tu, peke yake kwenye pembe, ya kusimamisha kila kitu. Mkono ukiipiga kwa kiganja gizani, haikosi.

Batani za Sanwa zinazojishika kwa masikio zinahitaji uso mwembamba, milimita 2 hadi 4. Ubao wa mvule wenye unene wa sentimita haufai, labda ununue zile za nati. Mimi nilifanya hivi: pande nne za kisanduku ni mvule, mabaki ya mlango, zimechongwa ua dogo kila pembe. Uso wa juu ni alumini ya milimita 2, iliyotobolewa na fundi wa madirisha kwa biti ya 24 niliyoiagiza pamoja na batani. Chuma cha kawaida usiguse, kwetu hakimalizi mwaka bila kutu. Skrubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu, kama wafanyavyo wenye makasha na madau. Upande wa chini haukufungwa kwa skrubu. Una bawaba mbili na komeo dogo, unafunguka kwa kidole.

Batani usizilehemu. Tumia tominali za kuchomeka: milimita 2.8 kwa Sanwa, na 4.8 kwa swichi nyingi za mtindo wa Kimarekani. Hii ndiyo tofauti kati ya kubadilisha batani kwa sekunde na kuiwasha lehemu ukumbini kati ya magauni ya hariri.

Kilicho tayari

Midi Fighter niliazima kwa wiki tatu kutoka kwa mwenzangu wa Malindi. Ni kazi nzuri, siwezi kuisema vibaya. Kina taa za rangi chini ya kila batani, kasi haina neno, na batani zenyewe ni za saizi ya kawaida, zikifa unaweka nyingine. Aliye na pesa na asiyependa kushika waya, anunue. Ahesabu usafirishaji, forodha na VAT ya asilimia 16, kisha mzigo ushuke Mokowe, gati la upande wa bara, kwa basi na uvuke kwa mashua. Kikiharibika bodi, safari hiyo yote irudiwe kinyume.

Kilichonishinda mimi ni mpangilio. Chakacha huhesabiwa kwa sita, tatu na tatu. Kwenye 4 kwa 4 mkono wangu ulikuwa ukifika mwisho wa safu kabla ya mwisho wa pigo, na nikawa naruka. Kisanduku changu kina safu mbili za batani sita: vidole vitatu vya kushoto, vitatu vya kulia, juu pembe na tari, chini sauti za watu. Mara ya kwanza nilipokipiga hivyo nyumbani, mama yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi akiuliza ni nani aliyeleta tari. Anayepiga muziki wa kuhesabu nne, 4 kwa 4 itamkaa vizuri kuliko hii yangu. Lakini hilo ni jambo la kuchagua, na anayejenga ndiye anayechagua.

Chumvi, unyevu na umeme

Njia zote tatu zinaliwa na hewa ileile. Wakati wa kusi, mvua za masika zikianza, unyevu huingia hadi kwenye kabati. Viungo vya lehemu navipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, ikikauka inazuia hewa. Isiguse tominali wala mdomo wa swichi. Ndani ya kisanduku natupia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na kifaa hulala kwenye mfuko uliofungwa. Kontrola niliyoifungua nisingeweza kuilinda hivi, kwani kila nilipotaka kuangalia ndani ilikuwa skrubu 17 na mapigo ya moyo.

Kuhusu taa: batani zenye LED zinapendeza, lakini zinakula umeme wa USB na zinaongeza waya mara mbili. Umeme ukikatika na kompyuta ikawa kwenye betri, nataka kila dakika iliyomo. Zangu hazina taa. Nimezitofautisha kwa rangi, na ile ya kigelegele ni nyekundu.

Nayo ndiyo iliyokufa tena, safari hii Sanwa, baada ya misimu miwili ya harusi. Mkobani huwa na batani tatu za akiba na tochi ya kichwani. Wanawake walikuwa kwenye vugo, pembe zikilia za kweli, kwa hivyo sikuwa na kazi kwa muda. Nikageuza kisanduku magotini, nikafungua komeo, nikachomoa tominali mbili, nikaminya masikio, nikasukuma ya zamani nje na mpya ndani. Nilipokirudisha mezani walikuwa bado kwenye ubeti uleule.